Do Inayohama

Tarehe tatu ya mwezi wa sita mume wangu alifariki, na kwaya yetu ya Giheta ikabaki bila mwalimu. Kamati ilinikabidhi kwaya kwa muda, kwa kuwa nilizijua nyimbo alizotunga, madaftari saba. Lakini waliniambia wazi kwamba sasa mwalimu wa kwaya lazima awe na cheti cha nadharia ya muziki, hatua ya kwanza. Nikifeli, ataletwa mtu kutoka Gishubi. Mwalimu mgeni huja na nyimbo zake. Za mume wangu zingebaki sandukuni.

Mimi niliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko ndiko mimi na marehemu tulikojifunza kuimba kwa herufi za do, re, mi zilizoandikwa ubaoni. Do ilikuwa nyumbani kwa wimbo. Wimbo ukipandishwa, do inapanda nao, na hakuna aliyelalamika.

Aliyejitolea kunifundisha ni wifi yangu, mdogo wa marehemu. Yeye hakukimbia. Alibaki Gitega kwa bibi yao, akasomeshwa na masista, na masista walimfundisha muziki wa mistari mitano, wa Kifaransa. Kila Jumamosi nilikwenda kwake na daftari.

Siku ya kwanza aliniandikia wimbo mfupi kwenye mistari ile, akaniimbia mara moja bila majina ya noti, nikauimba vizuri kabisa, do hadi do. Alicheka mpaka akashika meza.

“Sauti ni nzuri, majina yote ni ya uongo! Hii ni sol, wifi. Do iko hapa chini.”

“Lakini wimbo unaanzia hapo.”

“Uanzie inapotaka! Hapa kwetu do iko fasi moja, haihami hata. Ya kwako iko mkimbizi kama wewe.”

“Na kaka yako je?”

“Kaka yangu alikuwa mkimbizi mkubwa. Bon, anza tena.”

Tuliendelea hivyo. Aliniambia noti nyeusi inahesabiwa pigo moja, nyeupe mawili.

“Kwa nini nyeupe ipewe mawili?”

“Uliza Wazungu, mi sikuwepo.”

Alama ya kunyamaza pigo moja inaitwa supiri, neno la Kifaransa lenye maana ya kushusha pumzi. Hilo sikulisahau. Siku zile nilishusha pumzi nyingi bila kujijua, na wifi alikuwa akizihesabu huku akimenya ndizi.

“Hiyo ilikuwa supiri moja. Hiyo ya sasa ni ndefu, mapigo manne, hiyo tunaita pozi.”

Sikukasirika. Watu wengine walikuwa wakishusha sauti kila nikipita, kana kwamba mimi ndiye maiti. Wifi alikuwa amefiwa kama mimi, akanitania, nikapumua.

Mtihani ulifanyika Muyinga. Tuliondoka Gitega alfajiri kwa basi, wifi akinihoji njia nzima, mpaka abiria wa mbele akaanza kujibu kabla yangu.

Maandishi niliyamaliza. Mchana tukaitwa mmoja mmoja kuimba. Mtahini alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Aliniwekea karatasi, akagonga noti moja kwenye kinanda. Nikafungua mdomo, ikatoka do. Niliendelea noti tatu, nikasimama.

“Nimekosea,” nikasema. “Hiyo ni sol. Nimeiita do.”

“Mbona sijasema kitu, mama?”

“Ndiyo, lakini nimekosea.”

Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akanipa noti ile tena. Safari hii niliimba kwa majina yao mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Nje nilimkuta wifi chini ya dirisha, mikono kichwani. Alikuwa amesikia yote.

“Mtu anajishitaki mwenyewe! Mzee wa watu alikuwa amenyamaza, we unamwamsha!”

“Angesikia tu.”

“Pengine masikio yake iko imechoka! Ungemwacha!”

Jioni walibandika orodha mlangoni, majina yamepangwa kwa alama. Karibu na mwisho ulipigwa mstari mwekundu, na waliokuwa chini yake walikuwa wamefeli. Wifi alianza kusoma kutoka juu, kidole kwenye karatasi. Mimi nilianza kutoka chini. Nikapita majina manne, nikafika kwenye mstari. Jina lililokalia mstari ule, juu yake tu, lilikuwa langu.

Wifi alikuwa bado huko juu, ananitafuta.