Wiki Tatu za Jimi

Binti yangu ana miaka tisa, na tangu shule zifungwe amekuwa akiniomba tufuge mbwa. Nimemwambia uwanja wetu hapa Nakuru ni mdogo. Nimemwambia mwenye nyumba hatakubali. Yote mawili ni kweli, ila siyo sababu. Sababu ni Jimi, na kwa kuwa mtoto bado mdogo, acha nikusimulie wewe.

Nililelewa na nyanya, ambaye sote tulimwita Shosho, nje kidogo ya Elburgon. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na baridi ya milima ya Mau iliingia kila palipokuwa na ufa. Mchana kutwa tulisikia misumeno ya kiwanda cha mbao, na jua likichomoza baada ya mvua, harufu ya mbao mbichi ilijaa hadi kwenye chai. Babu alifanya kazi kiwandani humo. Jioni moja, kabla sijazaliwa, alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya koti. Kwa hivyo Jimi alikuwa ananishinda umri. Shosho alipenda kusema kwamba nilijifunza kusimama kwa kuyashika masikio yake, naye akavumilia.

Babu alifariki nikiwa darasa la sita. Mwaka huo huo Jimi naye akaanza kuisha.

Yalitangulia masikio. Ulimwita akiwa hatua mbili kutoka kwako, naye akageukia upande mwingine. Kisha macho yakawa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, akawa anagonga kichwa kwenye majerikeni ya maji. Shosho akapiga marufuku kusogeza kitu chochote uani. "Kigoda kikae hapo, jerikeni zikae hapo," alituambia. "Huyu siku hizi anatembea kwa kukumbuka." Mwishowe miguu ya nyuma ikakataa, na kukumbuka kwenyewe kukawa hakumsaidii tena.

Kumtunza ikawa kazi yangu. Asubuhi, kabla ya shule, nilivunja ugali wa jana ndani ya maziwa ya moto, nikaukanda hadi ukawa laini kama uji, nikamlisha kwa vidole. Nilifua gunia alilolalia, kwa maana alikuwa amelichafua usiku, na kila nilipolivuta chini yake alitazama kando, kama mtu mzima aliyeaibika. Kisha nilimbeba hadi nyuma ya jikoni nikamlaza juani. Hapo ndipo nilipokuwa nikishindwa. Jua halikai mahali pamoja. Shosho akiwa shambani kwenye viazi nami darasani, kivuli kilimfikia Jimi mapema, na nilipotoka shule nilimkuta pale pale nilipomwacha, anatetemeka, jua likiwa limehamia upande wa pili wa uwanja ambako hangeweza kulifuata.

Jirani yetu, mzee aliyefuga kondoo, alimtazama siku moja akatikisa kichwa. "Mama, huyu mbwa anateseka. Niruhusu nimmalize. Haitachukua hata dakika."

"Kunywa chai yako," Shosho akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi moja Shosho alienda mkutano wa akina mama kanisani. Nilitandika maranda ya mbao ndani ya wilibaro, nikamlaza Jimi, nikamfunika kwa sweta yangu ya shule, nikaanza kusukuma kuelekea mjini. Kulikuwa na daktari wa mifugo aliyekuwa na duka la dawa karibu na soko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona akimchoma sindano ng'ombe wa jirani aliyekuwa amelala chini siku mbili, na ng'ombe akasimama. Basi nilijua kwamba kusimama kunawezekana. Barabara ilikuwa matope matupu, na malori ya magogo yalipopita niliingia mtaroni na wilibaro yangu nikangoja. Jimi aliweka kidevu kwenye ukingo wa wilibaro, hakulia hata mara moja.

Daktari alitoka nje. Alimfunua mdomo, akambonyeza mgongo taratibu hadi kiunoni.

"Ana miaka mingapi huyu?"

"Ananishinda."

Akachutama ili tulingane. "Sikiza, msichana. Huyu hana ugonjwa. Amezeeka. Dawa ya kumsimamisha sina. Niliyo nayo ni sindano ya kumlaza, na hataamka. Hatasikia uchungu. Mwambie shosho yako. Akikubali, nitakuja kwenu."

"Na asipokubali?"

"Basi ataendelea hivi, na itakuwa mbaya kuliko hivi."

Nilisukuma wilibaro hadi nyumbani. Shosho aliporudi nilimwambia nilikuwa nimempeleka Jimi kutembea kidogo. Hakuniuliza ni wapi. Nilipanga kumwambia kesho yake, kisha kesho ikafika nikaahirisha, na ndivyo nilivyofanya kila siku. Ilikuwa kama kwamba nikilitamka neno lile, basi ni mimi niliyemchoma.

Jimi aliishi wiki tatu zaidi. Alipata kidonda nyongani ambacho hakikukauka. Akaacha ugali, tukabaki kumpa maziwa kwa kijiko, mimi asubuhi, Shosho mchana. Tulipomgeuza alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama mwingine. Alikata roho Jumapili, saa ya chakula cha mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Napenda kufikiri alijua ni mimi, lakini sidhani.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimemaliza chuo, tunamenya viazi jikoni, ndipo nilipomweleza Shosho habari za daktari na sindano. Nilitarajia anilaumu.

"Nilijua," akasema. "Daktari alipita hapa Jumatatu iliyofuata. Aliniambia yote."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aende, nitamwita." Akamenya kiazi kizima kabla hajaendelea. "Nilikuwa nimetoka tu kumzika babu yako. Sikuweza kuwa mimi wa kusema basi. Nikawa nangoja uniambie wewe, ndio nikubali."

Nami nilikuwa nikimngoja yeye.

Shosho hayupo tena. Shamba liliuzwa, na hata mzee wa kondoo alihamia Kuresoi kwa mwanawe. Nyumba ya mbao ilibomolewa. Mtu akiniuliza ninachokikosa cha kule, huwa nasema viazi vya kuchoma na hewa ya Mau, kwa sababu ndiyo majibu watu wanayotaka kusikia. Ninachokikosa hasa ni yule mwanamke aliyeinama mbele yangu na sufuria ya maziwa, sote wawili tukijua jambo moja, sote tumenyamaza, na katikati yetu mbwa aliyekuwa akilipia kimya chetu.