Fundi wa Makochi na Kidonge cha Buibui

Kuna watu wanafuga mbwa. Jirani yangu, fundi wa makochi, anafuga buibui, na sitaki kusikia mtu anacheka kabla sijamaliza.

Si wale wa kutega utando kwenye kona. Huyu ni mwindaji, wa kahawia, ana manyoya, anakimbiza windo kwa miguu kama mbwamwitu. Fundi alimkuta ndani ya kochi bovu alilokuwa anavua kitambaa. Wenzake wa karakana wakapanda mezani. Yeye akamfunika na kopo tupu la gundi, akaenda naye nyumbani.

Mkewe akatoa sharti moja: "Akitoka humo hata mara moja, mnahama wote wawili."

Basi jamaa akajifunza, kwa kukosea. Boksi la plastiki linaloonyesha, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto. Udongo wa vidole vinne, achimbe. Kipande cha gome, ajifiche. Kizibo cha soda chenye maji na kokoto, asizame. Nyenje mmoja kila baada ya siku chache, mdogo kuliko buibui mwenyewe, asipoliwa, anatolewa. Jua la dirishani marufuku.

Asubuhi moja akaona kidonge cheupe kimemganda buibui nyuma. Sasa, fundi wa makochi anaishi na pamba. Pamba kwenye nywele, pamba sikioni, pamba kwenye chai. Akasema, "Pole mama, nimekuchafua." Akachukua kibano, akavuta. Buibui aking'ang'ania, naye akivuta, mpaka kikatoka.

Mkewe alikuwa mlangoni, hatua sita, umbali wake wa siku zote.

"Hiyo ni pamba kweli?"

"Pamba hii, sijui pamba mimi?"

"Mbona anaitafuta?"

Kweli. Buibui alikuwa anazunguka boksi zima, anapapasa udongo, anarudi palepale.

"Pamba haitafutwi hivyo, baba. Umemnyang'anya mayai."

Jamaa akakaa sakafuni. "Nimewaua watoto wake."

"Hujaua, umeshika tu. Rudisha!"

"Akikikataa je? Kibano kinanuka gundi."

"Akikataa nitakusema mpaka uzeeni. Rudisha!"

Akakiweka mbele ya buibui. Buibui akakipita. Mkewe akasogea hatua mbili. Buibui akageuka, akasimama. Mkewe sasa pua iko kwenye plastiki, sharti lake kalisahau. Buibui akakigusa, akakikumbatia, akakigeuza geuza kama mtu anayekagua mzigo wake, kisha akakibandika nyuma na kuondoka zake.

Yule mama alipiga kelele! Ukuta mmoja tu unatutenganisha, nikadhani wameshinda bahati nasibu.

Baada ya wiki kadhaa vitoto vikatoka, vikapanda mgongoni kwa mama yao, vimejazana hadi manyoya hayaonekani. Karakana nzima ikaja kutazama. Unajua nani alishika boksi? Mkewe.

"Taratibu! Msimpumulie. Mzazi huyo."

Mmoja wa wale waliopanda meza akaomba agawiwe wawili.

"Wewe? Kaanze na nyenje kwanza."

Fundi alisimama nyuma yao, kifua mbele, pamba begani. Mkewe akanyoosha mkono aitoe. Jamaa akaruka pembeni.

"Angalia kwanza, mama! Angalia kwanza!"