Kifurushi Nilichokipeleka Wiki Ambayo Treni Haikuja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipa gharama za posta bila kuuliza. La pili, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu, lilikuwa kufurahia mno ujanja wa mtu aliyeniibia. Ndiyo, niliufurahia! Ngojeni niwaeleze. Mhariri, tafadhali jina langu usiliweke. Mpanda ni ndogo na wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni kijana wa Kashaulili, hapa hapa Mpanda. Gitaa nilijifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio na kurudia, kurudia, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Ndivyo nilivyo. Kitu kikiwa na kasoro ndogo silali. Barua ikiwa na neno moja lililofutwa naichana naanza upya.

Basi nyuzi zikakatika. Nikaona tangazo gazetini la duka moja la Dar es Salaam linalotuma bidhaa mikoani kwa posta. Nikaandika kuulizia. Jibu likaja: bei ya nyuzi hii hapa, gharama za posta hizi hapa. Gharama za posta zilizidi nyuzi zenyewe! Nikajiambia labda ni umbali, maana sisi tuko mbali bwana. Nikatuma hawala.

Kilichokuja ni bahasha, nyuzi zikiwa ndani. Bahasha ya barua, ya kawaida kabisa, imebandikwa stempu moja. Ile ile ninayobandika nikimwandikia mjomba wangu Tabora!

Nilianza barua ya kulalamika, nikaichana kwa sababu mistari ilipinda. Nikaanza nyingine, nikaichana. Mwishowe nikakaa kitandani nikaanza kucheka peke yangu. Huyu mtu ni fundi! Hakunivunjia mlango wala hakunikaba. Ametaja tu neno posta, na mimi mwenyewe nimempelekea hela. Jamani, nilimwonea wivu. Hapo ndipo nilipoharibika.

Kwenye kwaya ninayoipigia gitaa watu waliona nyuzi mpya zinavyong'aa. Huyu akataka filimbi ya mdomo, yule akataka saa ya mkononi, mwingine akataka kitambaa cha suti. "Wewe si unajuana na watu wa Dar? Tuagizie!" Nikawa wakala. Kulala nikawa silali, lakini kwa raha. Nilitembea mjini nikijihisi kama nimevaa tai.

Mchezo ulikuwa hivi. Duka liliweka vitu vyote kwenye boksi moja na kunitoza posta ya boksi moja, ya kuzidisha kama kawaida yao. Mimi nikamtoza kila mtu posta yake peke yake, kana kwamba filimbi ilikata tiketi yake na saa ikakata yake.

Ili wasinishtukie, kila kitu nilikifunga upya chumbani kwangu. Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo nilipokuwa na furaha ya kijinga kupita zote! Karatasi ya kaki, kamba ya katani, jina la mwenye mzigo kwa herufi kubwa. Stempu zilizotumika nilizibandua kwenye bahasha za zamani kwa maji ya uvuguvugu, nikazigundisha kwa uji wa unga wa ngano. Mhuri ulioishia pembeni ya stempu niliumalizia kwa wino juu ya karatasi, ukakutana vizuri, huoni kiungo! Fundo likikaa upande nalifungua. Nilikuwa nacheka mwenyewe mle ndani kama mwendawazimu.

Halafu nikawa nawapelekea mmoja mmoja, siku tofauti, kila mara siku ya treni. Maana huku kwetu barua na vifurushi huja na treni, na kila mtu anajua.

Sasa nije kwa Mama Skola. Huyu mama anauza dagaa wa Ikola pale sokoni, na magunia mengine ya dagaa anayapeleka Tabora kwa treni. Binti yake, Skola, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Mimi na Skola tulikuwa tumekubaliana, na mshenga wangu alikuwa aende kwao baada ya Pasaka. Mama alikuwa ananipenda. Akaniagiza saa ya ukutani.

Na mimi nikamtoza posta kuliko wote! Nilimwambia ni kwa sababu ya kioo. Nikiikumbuka sura yake alivyoitikia, "Sawa mwanangu, vioo vinahitaji uangalifu," natamani ardhi ipasuke.

Kifurushi chake nilikiacha cha mwisho ili kiwe bora kuliko vyote. Ilikuwa masika, mvua inapiga bati mchana na usiku. Nilijifungia. Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Sikwenda sokoni, sikwenda mazoezi, redio sikuwasha. Siku ya treni ilipofika nikakikumbatia ndani ya koti, nikatoka mbio kwenye mvua nikijisikia raha tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelowa hivyo, unatoka wapi?"

"Posta, mama. Mzigo wako huu. Umeingia leo."

"Umeingia na nini?"

"Na treni. Ya asubuhi."

Mama Skola akaliweka chini kopo la kupimia dagaa. Jirani yake, muuza karanga, akageuka mzima mzima.

"Baba," Mama Skola akasema taratibu, "magunia yangu yako stesheni tangu wiki iliyopita yanangoja treni. Reli imekatwa na maji. Nimetoka huko sasa hivi, dagaa wameanza kunuka. Hiyo treni yako imepita wapi?"

Mimi, mtu wa kupanga kila kitu! Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Ilikuwa treni ndogo, mama."

Weee! Soko zima lililipuka! Muuza karanga alikaa chini kabisa. "Treni ndogo! Mama Skola, magunia yako hayaingii humo, ni ya saa tu!" Mwingine huko nyuma: "Kijana, ikirudi Dar uniwekee siti ya dirishani!" Na mimi, mnaamini? Nikacheka nao.

Mama Skola hakucheka. Alikipokea kifurushi, akapitisha kidole juu ya stempu. Uji ulikuwa umelegea kwa mvua. Stempu ikateleza kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, ikabaki kwenye kidole chake. Chini yake kulibaki uji mweupe, na nusu ya mhuri niliyoichora ilikuwa inachuruzika.

Skola alikuwa amesimama pale pale, kashika ungo. Akaangalia ile kamba na lile fundo langu. "Lakini kafunga vizuri, mama," akasema. Halafu akaingia nyuma ya kibanda.

Heri angenitukana!

"Nilikuwa nakuita mwanangu," Mama Skola akaniambia, safari hii kwa sauti ya chini. "Uliponiambia kioo, nilikulipa nikijua unakihangaikia kioo. Mshenga wako mwambie asihangaike na matope. Na wenzako wote, pita nyumba kwa nyumba, uwaambie kwa mdomo wako."

Nilipita. Niliuza gitaa nikawarudishia wote. Karibu kila nyumba walicheka kabla ya kukasirika, na watoto wakanifuata barabarani wakipiga honi kwa midomo: puuuu, treni ndogo hiyo! Nilifika kwa wa mwisho nikiwa nacheka na kulia, sijui kipi kilizidi. Skola ameshaolewa Inyonga.

Nyie vijana wenzangu, nisikilizeni. Ukiona tangazo, kabla hujatuma hawala, nenda dirishani posta ukaulize kifurushi kama hicho kinalipiwa bei gani. Ni swali tu, halilipiwi! Muuzaji akikuzidishia, mwandikie, hata kama mwandiko umepinda. Na ukishaibiwa, tafadhali usimsomee mwizi wako kama kitabu cha masomo. Mimi nilimsoma nikafaulu, na cheti changu ndicho hicho mnachokisikia watoto wakiimba.

Watu bado wananiagiza, wachache. Siku hizi barua ya kubishana na duka naituma hata ikiwa na neno lililofutwa, na wamepunguza posta. Boksi likifika nalifungulia barazani posta, wenyewe wakiwa wamesimama, risiti iko juu, kila mtu anatoa fungu lake. Mama Skola hajawahi kuniagiza tena.