Shavu la Kushoto

Fundi fremu wa mtaani kwetu hana dogo, na picha za chaki za mafuta ndizo humpandisha mori. "Rangi hii haikauki hata ikae miaka ishirini!" huwafokea wateja. "Wekeni kioo, acheni kushikashika!"

Juzi bibi mmoja alimletea picha ya marehemu mumewe, iliyochorwa kwa chaki hizo hizo. Shavu la kushoto lilikuwa limefutika mpaka karatasi inaonekana.

"Nani kaiharibu hivi?"

Bibi akainua kidole chenye rangi ya kahawia. "Mimi, mwanangu. Kila asubuhi namsalimia."

Fundi akanywea. Akamtengenezea fremu yenye kioo cha kufunguka kama dirisha.

"Lakini mama, shavu litaisha."

"Likiisha hili, si lipo la pili?"