Ushanga wa Fileto

Fileto alikuwa mtumwa wa bibi Vibia, hapa mjini Puteoli, na kwa mabakuli ya kioo yenye maua hakuwa na mpinzani. Alivuta vioo vya rangi vikiwa moto mpaka vikawa fimbo yenye ua ndani, akaikata vipande kama tango, akavipanga na kuvichoma vishikane viwe bapa, kisha akalilaza juu ya kalibu lilegee liwe bakuli. Kazi ya kusugua ilikuwa yangu. Yeye alipata sifa, mimi nikapata kikohozi.

Ndipo wapuliza kioo wakaingia mjini.

"Hao wanatoa vikombe kumi dengu hazijaiva," Vibia alimwambia. "Nitengenezee bakuli moja la harusi ya binti yangu. Likifika mkononi mwangu zima, utavaa kofia ya uhuru. Likivunjika, basi, hakuna la pili, maana tanuru nawapa wapuliza."

Aliapa mbele ya miungu ya nyumba, sote tukisikia.

Fileto alikuwa na ushanga wa buluu kutoka Sidoni. Ulikuwa wa Melita, mwanawe aliyekufa kwa homa. Nikamkuta anauyeyusha uwe kiini cha ua la katikati.

"Mzee, una wazimu? Kioo kigeni hakipatani na chetu. Vikipoa, kila kimoja kinavuta kwake."

"Kaushanga tu, ndugu yangu. Na Melita aende harusini."

"Ataenda yeye, wewe utabaki na majivu."

Alicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilimpenda.

Bakuli likapoa taratibu ndani ya tanuru, likatoka zima. Nikalisugua huku nimeshika roho mkononi, likang'aa. Nikaona aibu kwa maneno yangu.

Fileto akalipeleka kwa Vibia. Kofia ilikuwa mezani tayari. Fileto alipolinyanyua ampe, likalia tik, ufa ukatoka kwenye ile buluu hadi ukingoni, na nusu ikadondoka.

"Nilisema zima," Vibia alisema. Hakufoka hata kidogo.

"Bibi, basi nipe hicho kipande cha katikati."

"Tangu lini tunatupa kioo? Rudisha chunguni kiyeyushwe."

Fileto akavipeleka vipande mwenyewe kwenye chungu cha wapuliza.

Siku hizi anawabebea kuni. Kila kikombe kikitoka anakiinua juani, anatafuta buluu. Ushanga mmoja katika chungu kizima hauonekani, na hilo analijua kuliko sisi sote. Nimechoka kumwambia aache.