Jino Halipo, Bado Linauma

Watu wangu, leo nimejua niling'olewa meno mawili bure.

Mnajua mimi huuza miraa hapa Isiolo mjini, na kutafuna natafuna kutoka asubuhi mpaka nifunge kibanda. Shavu la kulia, siku zote.

Meno ya huko yakaanza kuuma. Nikang'olewa moja. Wapi! Nikang'olewa la pili.

Maumivu yakabaki palepale.

Leo nimeenda kwa dada mmoja wa fizio, wale wa kukanda misuli. Hakushughulika na meno. Alinifinya shavu kwa kidole, akapata fundo gumu ndani ya msuli.

Wueh! Uchungu niliusikia kwa jino. Lile ambalo halipo!

Akaniambia polepole, "Baba, meno yako hayakuwa na shida. Msuli wa kutafunia ndio umechoka, na uchungu wake unatokea kwa meno."

Nikauliza, "Sasa dawa?"

"Nitakukanda. Lakini lazima uache miraa, taya lipumzike."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikarudi kibandani nimeamua leo sitafuni. Mteja wa kwanza akageuzageuza bunda, akanitazama mdomo.

"Mbona wewe mwenyewe hutafuni? Hii ni ya juzi?"

Akaanza kuondoka.

Niambieni, mngefanya nini?

Nilitafuna mbele yake. Upande wa kushoto, kwa sababu kulia ni mapengo tu.

Na sasa ninavyoandika hapa, kushoto kumeanza.