Kamera ya Langoni Iliyopotea Kila Siku

Tulihamia Kitengela katikati ya miaka ya 2000, nyumba yetu ikiwa ya pili kujengwa kwenye ile njia na nyasi zikianzia ukutani. Mimi nilitunza kompyuta za ofisi moja mjini Kajiado, mke wangu alifundisha, kwa hiyo kutwa nzima mama yangu alibaki peke yake. Alikuwa amekuja kwetu kutoka Ukambani baada ya baba kufariki.

Kumwacha hivyo kulinisumbua. Nikanunua kamera ya mtumba, nikaifunga juu ya lango. Nikavuta waya hadi kwenye kisanduku kidogo cha sebuleni ambacho pia kiliunganisha printa na kompyuta mbili. Kwenye kompyuta moja niliweka programu ya kukagua vifaa vyote kila dakika. Kifaa kisipojibu, programu ilinitumia ujumbe kwenye simu, kupitia simu ya zamani niliyoichomeka kwenye kompyuta hiyo.

"Yaani inapiga hodi kwa kila mmoja?" mama aliuliza nilipomweleza.

"Ndiyo. Asiyeitikia, naambiwa."

"Na kama yuko chooni?"

Nilicheka, lakini swali lile lilikuwa zuri kuliko nilivyodhani.

Ujumbe wa kwanza uliingia Jumanne saa nne asubuhi: kamera ya lango imepotea. Ukafuata mwingine: printa imepotea. Nilipiga simu ya nyumbani mara tatu, haikupokelewa. Nikaomba ruhusa kwa mkubwa wangu, nikashika gari la kwanza lililotoka Namanga likipitia Kitengela. Njia nzima niliona akilini lango likiwa limevunjwa. Nilimkuta mama amekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe.

"Kwani umefukuzwa kazi?" aliuliza.

Kamera ilikuwa inafanya kazi, printa pia. Nilisimama pale jasho likinitoka, sijui kama nifurahi au nione haya.

Baada ya hapo jumbe ziliendelea kuja. Siku nyingine mbili, siku nyingine hakuna. Nilishuku panya, nikabadilisha waya wote wa kamera. Hazikukoma. Nikaanza kuandika saa za kila ujumbe kwenye daftari, na sikuona mpangilio wowote. Kitu kimoja tu kilinivutia: vifaa vilipotea pamoja na kurudi karibu pamoja. Panya hawezi kutafuna nyaya mbili kwa dakika moja kisha azirudishe. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mahali nyaya zote zilipokutana, kwenye kile kisanduku. Lakini nilipokigusa hakikuwa na joto, na nikiwa nyumbani hakikuwahi kunionyesha kosa.

Kila ujumbe ulipoingia nilimpigia mama. Siku moja alinijibu kabla sijamaliza salamu.

"Niko salama. Lakini nikuulize, mbona unanipigia kila nikitoka kwa pampu?"

"Pampu gani?"

"Ya maji. Leo nimewasha, nimeingia ndani, simu inalia. Juzi hivyo hivyo."

Lori la maji lilitujazia tangi la chini, na pampu ndiyo iliyopandisha maji hadi lile la juu. Mama aliiwasha alipotaka kufua au alipoona maji ya bomba yanadondoka tu, ndiyo maana saa zangu hazikuwa na mpangilio.

Jumamosi tulijaribu. Mama alisimama kwenye pampu, mimi nikapiga magoti mbele ya kisanduku.

"Washa," nilimwambia kupitia dirisha.

Balbu ya sebuleni ilififia kidogo, kitu ambacho nisingekiona kama nisingekuwa nakingoja. Taa zote za kisanduku zilizimika, kisha zikaanza kuwaka moja moja. Pampu ilipokuwa ikianza ilivuta umeme mwingi kwa ghafla, na kisanduku kilizimika kikaanza upya. Kompyuta yenyewe haikuhisi kitu kwa sababu ilikuwa na betri yake ya akiba.

"Zima. Washa tena," nilisema, na ikawa vilevile. Mama akaja dirishani kutazama, akaniambia nami nikashike pampu ili aone mwenyewe. Tulibadilishana mara nne.

Nilichomeka kisanduku kwenye betri ile ile ya kompyuta, printa ikaacha kupotea. Kamera, yenye umeme wake kule langoni, bado ilizimika kidogo. Ndipo nilipokumbuka swali la chooni. Nikaiambia programu kwamba kifaa kisipoitikia, ipige hodi mara tatu zaidi, dakika moja moja, kabla ya kunisumbua. Kimya kikaingia.

Wiki tatu baadaye, nikiwa Kajiado, ujumbe uliingia: kamera ya lango imepotea. Safari hii niliuamini, nikapiga simu ya nyumbani. Mama alipokea mara moja.

"Imefika?"

"Nini imefika?"

"Nimechomoa ile waya ya kamera. Nilitaka kujua kama bado inaongea, ama uliinyamazisha kabisa."

Nilikaa kwenye kiti. Nilitaka kukasirika, lakini udadisi ulinishinda.

"Ilichukua muda gani?"

"Nilikuwa naangalia saa ya ukutani," alisema. "Dakika tatu na kitu. Sasa niambie, hiyo 'na kitu' ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba dakika haianzi kuhesabiwa pale anapochomoa, bali hodi inayofuata inapokosa jibu. Alikubali nusu, akasema atarudia kesho ahakikishe.